Ndoo ikianguka inalia "pu" au "kwangala"? Uzi wa maneno yaliyozaliwa na milio

FundiGeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jana binti yangu wa darasa la tano karudi na daftari la Kiswahili lenye alama ya kosa kubwa kama mundu. Swali lilikuwa la kujaza nafasi: "Ndoo ilianguka sakafuni ______." Yeye kajaza "kwangalakwangala". Mwalimu kakata, kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "pu". Mtoto macho yamemvimba, ananiambia, "Baba, lakini ndoo yetu hailii pu."

Nikaichukua ile ndoo ya bati ya bafuni nikaiachia sakafuni. Kweli bwana, pu haipo. Imelia kwanga, ikajizungusha, ikamalizia ngala-ngala-ngala mpaka mpangaji wa chumba cha mbele akatoa kichwa kuuliza kulikoni. Ya plastiki ikasema "bwata". Pu tuliipata mara ya tatu, tulipoangusha kiroba cha unga cha kilo 5. Hiyo ndiyo pu halali, nzito, isiyo na mwangwi. Mama mwenye unga alivyotuangalia si kitu cha kuandika hapa.

Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kuchomelea mageti, nashinda na milio kutwa, na usiku ule sikulala nikiwaza hii hesabu. Tanakali sauti tunazichukulia kama maneno ya watoto, swali la alama tano halafu basi. Lakini ukikaa ukasikiliza, mlio ukishaingia kwenye Kiswahili hautulii. Unavishwa kiambishi, unanyambuliwa, unapanda gari, mara unausikia bungeni umevaa suti.

Chukua "tifu". Ukianguka mchangani unalia tifu. Toka hapo wakulima wakapata udongo tifutifu, na mabwana shamba wakauandika vitabuni kama jina la kitaalamu kabisa. Ukipita juu ya udongo huo kwa fujo unatifua vumbi. Watu wawili wakishikana mashati wanatifuana, maana vumbi lao linaonekana toka ng'ambo ya uwanja. Leo timu mbili zinacheza kwenye nyasi bandia, vumbi hakuna hata la kutia kwenye jicho, na gazeti la michezo linaandika "mtifuano mkali". Uwanja umebadilishwa, neno limekataa kunawa miguu.

Au "vuma". Hiki kitenzi ni cha upepo, cha bahari, cha nyuki, cha ngoma. Ukikitamka midomo inatetemeka yenyewe. Kisha mtu naye akaanza kuvuma, maana yake jina lake limefika kabla yake. Na habari inayovuma bila mwenyewe ndiyo tunaiita uvumi. Angalieni akili ya aliyeanza kusema hivyo: upepo unausikia ila humwoni aliyeupuliza wala hujui ulipoanzia, na uvumi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana polisi wakitafuta chanzo cha uvumi huwa nacheka peke yangu. Wahenga walishalimaliza hili jambo pande zote mbili: avumaye baharini papa kumbe wengi wapo, na ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Nikishagusa ngoma inabidi nikae hapo kidogo, maana hapo pana utamu. Kwenye ngoma zetu za pwani kuna vumi, ile kubwa inayoguna chini, na kuna chapuo, ile ndogo inayopigwa mbiombio. Sasa fungua gazeti lolote la wiki hii. Mbunge "apigia chapuo" korosho. Waziri "apigia chapuo" nishati safi. Umewahi kusoma mtu akipigiwa vumi? Hakuna. Vumi inashika msingi, haimwiti mtu. Chapuo ndiyo inayokuinua kwenye kiti ukajikuta umeshaingia duarani na kiatu kimoja. Aliyeuleta msemo huu alikuwa anajua kucheza, si mtu wa ofisini.

Ndugu maskini wa chapuo ni debe. Ni bati tu la mafuta, lita 20 hivi, likishaisha mafuta linapigwa. Kituo cha daladala hakina mpigachapuo, kina mpigadebe. Mgombea anaweza kupigiwa vyote viwili, ila sikilizeni tofauti: ukisema mwandishi fulani anampigia mgombea chapuo, umemweleza. Ukisema anampigia debe, umemshusha cheo na umewaambia watu amekula nauli.

Sasa niwaletee ukoo ulioninyima usingizi. Chaka.

Majani makavu panya akipita yanasema chaka-chaka. Kutoka huko tunapata kuchakarika, na leo mchakarikaji ni yule aliyeamka saa 10 usiku akawahi Feri kununua samaki wa kukaanga. Hakuna jani wala panya, lakini ukiwaza mtu anayehangaika huku na huku kabla hakujapambazuka, mlio unausikia. Kisha mchakamchaka. Tuliosoma shule za msingi enzi zile tunaujua: saa 12 asubuhi, wengi pekupeku, miguu 200 inapiga kokoto kwa pamoja. Kiongozi anaita "Mchakamchaka!", tunaitika "Chinja!" Hatukujua tunamchinja nani, lakini tuliitika kwa moyo. Lile neno halikutungwa na mtu mezani. Lilitungwa na kokoto.

Halafu kuna kuchakata na mtoto wake mchakato. Na kuna yule mtundu wa ukoo, kuchakachua, aliyelipuka mwaka 2010. Alianzia kwenye mafuta ya magari kuchanganywa na mafuta ya taa, na kabla mwaka haujaisha akahamia kwenye kura za uchaguzi mkuu. Baada ya hapo kila kitu kilichakachuliwa: maziwa, vyeti, dawa ya mbu, hadi mapenzi. Wenye umri wenu mnakumbuka, mitandaoni hapakukalika.

Sidai wote hawa ni wa tumbo moja. Nasema sikio langu linawasikia wakiitana.

Leteni yenu. Ila tafadhali, kabla mtu hajaniletea daladala, asome kwanza.

Nawasilisha.

---

Kisiki_cha_mpingo

Nimeweka kambi. Ngoja waje.

---

Wese_na_maji

Mkuu, kwenye kuchakachua umenigusa. Mwaka 2009 nilikuwa kituo kimoja cha mafuta, sitakitaja, kipo barabara ya kwenda mikoani. Watu wanadhani kuna mtu alikuwa anasimama na mwiko anakoroga. Hakuna. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, bei yake chini, kwa hiyo unamimina kwenye tangi la lori madumu kadhaa juu ya dizeli, unafunga kifuniko, unamwachia dereva. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inamaliza kazi. Lori lenyewe ndilo linalochakachua. Ukisimama karibu linapopita unasikia ndani ya tangi: chakacha, chakacha, chakacha. Mimi neno hili sikufundishwa na gazeti.

Ila mteja alikuwa anajua. Gari likishaondoka hatua mia mbili linaanza kugonga na kutoa moshi, anarudi mkali, na bosi anatuambia tuseme ni pampu yake.

Halafu wakaja na vinasaba mwaka huohuo wa 2010, mafuta yanawekewa alama, mkaguzi anachukua sampuli kidogo anajua kama umetia mkono. Na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, biashara ikakosa faida. Mafuta yakapona, neno likabaki mtaani halina kazi, likatafuta kazi nyingine.

---

FundiGeti

Mkuu Wese, "lori lenyewe ndilo linalochakachua" nimeiandika ukutani gereji. Asante.

---

Dogo_Janja_wa_Kwetu

Mzee, umesahau pikipiki, daladala, bodaboda, bajaji. Zote milio.

---

FundiGeti

Nilijua tu utakuja. Pikipiki nakupa, hiyo ni mlio safi, piki-piki-piki, na majirani zetu wameichukua ilivyo. Nyingine zote umeliwa.

Daladala ni hela. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala, makondakta wakawa wanaita "dala, dala!" Hayo ni mambo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, basi za watu binafsi zilipoanza kubeba abiria Dar. Bodaboda ni mpaka, wale wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda na kuita kwa Kiingereza chao cha mpakani. Bajaji ni jina la kampuni ya Kihindi iliyotengeneza chombo. Kiswahili kinapenda kurudia neno mara mbili, lakini si kila kinachorudiwa kimelia.

---

Dogo_Janja_wa_Kwetu

Sawa, nimekubali yaishe. Basi nakuletea "kubipu". Simu inalia mara moja, bip, inakata, kwa sababu vocha haitoshi na wewe unataka upigiwe. Sasa hivi dakika ni za kifurushi, hakuna anayebipu tena, lakini ukimchokoza mtu kidogo kwa maneno uone atafanyaje, unaambiwa "usimbipu huyo, atakupigia". Na kweli anakupigia, ila si simu.

---

FundiGeti

Hiyo nimeipokea kwa mikono miwili. Umesamehewa bajaji.

---

Mtoto_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zetu wa Bongo mnatuchekesha, nyinyi mnagundua tanakali ukubwani. Sisi tumezikariri tangu utotoni kama jedwali la kuzidisha, maana kwenye KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, hadi ule wa mwisho wa 2023 ulikuwa huendi bila hizo. Kuanguka peke yake kulikuwa na somo lake: majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu. Kulala fofofo, giza totoro, kujifunika gubigubi, kufunga ndi ndi ndi. Mwalimu wa binti yako kafuata kitabu, kaka. Sakafuni ni pu, hata ukiangusha piano.

Lakini nataka kuongeza tingatinga. Huku kwetu Raila Odinga, Mungu amrehemu, alikuwa anaitwa Tinga. Mwaka 1997 aligombea urais kwa chama cha NDP, alama ya chama ilikuwa trekta, na trekta ni tingatinga kwa sababu ya mlio wake. Chama chenyewe kilikufa zamani, akapita vyama chungu nzima na alama za kila namna, jina la trekta likambakia. Watu walikuwa wakiimba Tinga uwanjani, na nusu yao walizaliwa baada ya trekta hilo kuegeshwa.

---

FundiGeti

Kaka wa Kisauni, hapo umenifungulia mlango. Kwetu tingatinga ni lile la kusukuma udongo, na jina hilo alipewa John Magufuli kwa ajili ya barabara, tangu akiwa Waziri wa Ujenzi. Kwa hiyo nchi mbili jirani, mlio mmoja, wanasiasa wawili. Na maana zenyewe hazikufanana. Kwenu lilianza na picha kwenye karatasi ya kura. Kwetu lilianza na kitu kinachofyeka kilicho mbele, nyumba iwe ndani ya hifadhi ya barabara au isiwe. Aliyebomolewa na aliyepata lami walimwita jina lilelile, kila mmoja kwa sauti yake.

(Na asije mtu kuniwekea picha za chui na ndege zenye rangi kali. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji aliyefariki 1972, hilo lilikuwa jina lake. Hakuna trekta hapo.)

Kuhusu piano kuanguka na kulia pu: mimi nimeshusha geti la kilo 180 likatuponyoka. Sitawaambia lililia nini, lakini haikuwa silabi moja.

---

Mkonge_Tanga

Nimesoma kimya, sasa naona niseme. FundiGeti, kuchakata umekutaja kwa nusu mstari ukapita, na sisi watu wa Tanga ndilo neno lililotulea. Baba yangu alifanya kazi korona miaka 22. Korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, tunaiita hivyo tangu babu zetu. Majani yanaingia upande mmoja yakiwa mabichi, mazito kama panga, yanapigwapigwa na kukwanguliwa, upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi nyeupe, na maji ya kijani yenye harufu huwezi kuisahau. Ukikaa kambi ya wafanyakazi mlio wake unaingia kwenye usingizi. Siku mashine ikiharibika watoto ndio wa kwanza kuamka, kwa sababu ya kimya.

Mwaka 2020 dunia nzima inatangaza korona, wazee wa Korogwe na Muheza wakawa wanaulizana hiyo mashine imefanya nini tena.

Sasa pingamizi langu. Kuchakata kwetu ni kuponda na kukwangua, kazi ya nguvu. Chaka-chaka yako ya majani makavu ni mlio mwepesi, wa kupapasa. Usiwaunganishe kwa sababu wanafanana silabi mbili. Na mchakato, jinsi unavyotumika leo, nadhani umetoka kwetu kiwandani moja kwa moja: kitu kibichi kinaingia, kinapita hatua, kinatoka kimekamilika. Ndiyo maana "kuchakata taarifa" inaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta, ilimradi ameona mkonge.

---

FundiGeti

Mzee wangu, nashusha mabega. Nilikuwa na sikio tu, wewe una sikio na kiwanda. Chakata nimemtoa kwenye ukoo, namwandika jirani.

Ila umenipa kitu kingine bila kukusudia. Tangu ipite ile sheria ya 2011, ikaja tume ya Jaji Warioba, likaja Bunge la Katiba la 2014, sisi tunasema "mchakato wa Katiba Mpya". Nilikuwa sijui kwa nini neno linanikera. Sasa najua. Mchakato una mlio, na huu haulii. Majani yameingia upande mmoja, singa hazijatoka.

---

Mkonge_Tanga

Korona imekatika mkanda. Watoto wameamka.

---

Chuku_wa_Goma

Jambo wote. Mimi niko Goma, Kongo. Nawasoma nikicheka. Huku tuko na chukudu. Ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili, mtu anasukuma kwa mguu kwenye tambarare, kwenye mteremko anapanda na mzigo wake: mikungu ya ndizi, makaa, viazi, magunia na magunia. Jina ni mlio wa magurudumu juu ya mawe. Chu-ku-du, chu-ku-du. Mawe yetu ni ya volkano. Ile lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ukipita juu yake na gurudumu la mbao utaelewa kwa nini jina si lingine.

Mjini kumesimamishwa sanamu ya chukudu na msukumaji wake, imepakwa rangi ya dhahabu. Kwingine wanajengewa majenerali. Hapa kwetu amejengewa mwenye kusukuma viazi. Mnataka maana ya pili ya neno, hiyo ndiyo: kwetu chukudu si mbao tena, ni mtu asiyekubali kulala njaa.

Na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, wanaita ipikipiki. Wameivalisha tu shati la Kinyarwanda.

---

FundiGeti

Ndugu wa Goma, ubarikiwe. Hiyo sanamu nitaitafuta picha yake. Nikipata nafasi natengeneza ndogo ya chuma.

---

Bi_Mkubwa_Ng'ambo

Assalaam aleikum. Nipo Unguja, mjukuu ndiye anayeniandikia, nikikosea ni yeye.

Nyinyi wanaume mmezungumza matrekta, mafuta na mashine, hamkuzungumza nzi. Nzi wanang'ong'a. Na mtu akikupita, ukimtazama mgongoni ukambetulia mdomo na kumkatia jicho, unamng'ong'a. Mlio hauko tena, pengine hata hewa haikutoka puani. Lakini mwenye kung'ong'wa anajua, anahisi kama nzi nyuma ya sikio. Mimi mlio huu nauogopa kuliko ngurumo, kwa sababu ngurumo inakujia usoni.

Na kindumbwendumbwe mmekisahau. Leo nasikia redioni mpira wa Simba na Yanga ni "kindumbwendumbwe", watu wanakaza misuli. Zamani ilikuwa ni ngoma ya kumtahayarisha kikojozi. Mtoto akikojoa kitandani asubuhi anafungwa lile jamvi lake mgongoni, wenzake wanapiga makopo na vifuu, wanamzungusha mtaani huku wanamwimbia. Mlio wa makopo ndio ndumbwe-ndumbwe. Ndugu yangu alizungushwa hivyo mara moja. Ni mtu mzima sasa ana wajukuu, na akisikia mtangazaji anasema kindumbwendumbwe anaamka anazima redio. Sisi wengine tunajifanya hatujaona.

Kuhusu hiyo ndoo. Wazee wetu walisema chururu si ndo ndo ndo. Maji yanayochuruzika japo membamba yanapita yale ya matone. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, mvua ikinyesha tunatega vyombo kila panapovuja. Chombo kitupu kinasema ndo. Kikishaingia maji kidogo kinasema ndu. Kikikaribia kujaa kinasema dwi, na hapo mama anaamka kumwaga, giza totoro, bila taa, anakwenda kwa sikio tu mpaka kwenye chombo chenyewe. Kwa hiyo baba Fulani, mwanao ana haki. Chombo kimoja kina milio mingi.

---

Kisiki_cha_mpingo

Uzi umevamiwa na Bi Mkubwa, sisi wengine tukae kimya jii.

---

Chaki_Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Si mwalimu wa huyo mtoto, lakini nitamtetea mwenzangu, kwa sababu humu ameshachapwa bila kusikilizwa.

Tanakali si rekodi ya sauti. Ni neno, na neno ni makubaliano. Jogoo wetu anawika kokoriko, wa Ufaransa karibu hivyohivyo, kwao wanaandika cocorico, lakini ukivuka bahari ndogo tu kwenda Uingereza jogoo yuleyule anasemwa vingine kabisa. Jogoo hajabadilika, waliobadilika ni wasikilizaji. Mswisi Ferdinand de Saussure aliyasema haya kwenye kitabu kilichotoka 1916, akaongeza kuwa maneno ya aina hii ni machache na ya pembeni. Hilo la pili ndipo ninapomkatalia, kwa sababu alikuwa anatazama Kifaransa. Clement Doke alipotazama lugha za Kibantu aliona si ya pembeni hata kidogo, akayapa kundi lake la kisarufi mwaka 1935 na kuyaita ideofoni. Sisi vitabuni tunayaweka kwenye vielezi viigizi, na mengine hayana hata mlio. Nyeupe pe, nyeusi tii. Nani amesikia weupe ukilia? Lakini sema "shati jeupe" na "shati jeupe pee", uone lipi limefuliwa.

Kwa hiyo "pu" ni ya makubaliano, na mtoto afundishwe makubaliano, kama anavyofundishwa kwamba ni kisu na si chisu. Nikipokea kila mlio, nitasahihisha vipi daftari 94?

Ninachokubali ni kimoja. Lile swali limetungwa vibaya. "Ndoo" ni neno baya kuweka hapo. Angeandika "gunia".

---

FundiGeti

Mwalimu Chaki, heshima yako. Daftari 94 sikuzifikiria, na ningekuwa mimi ningeandika pu nikalale. Hoja ya makubaliano naikubali, ila sikilizeni: hata kukurupuka kuliwahi kuwa mlio wa mtu mmoja. Mtu alipita porini, kware akatoka kichakani miguuni pake, kurrrup, moyo ukamruka, akaenda kusimulia nyumbani akaiga ule mlio. Hakukuwa na kitabu cha kumkata alama. Leo rais akisema "tusikurupuke", nchi nzima inaelewa ni uamuzi uliotoka kichakani. Mimi naona kwangalakwangala ya binti yangu imesimama palepale aliposimama yule mtu wa kware.

Sasa taarifa ya jioni hii. Jana usiku baada ya kusoma michango yenu niliandika barua fupi kwa heshima zote chini ya lile swali, nikaeleza kwamba tumefanya jaribio nyumbani kwa vyombo vitatu, na matokeo yake. Binti kaipeleka leo. Nilikuwa nimejiandaa kuitwa shuleni.

Karudi saa 9. Kafungua daftari mwenyewe, hajaniambia kitu. Alama ya kosa ipo vilevile, haijafutwa. Chini ya barua yangu, kwa wino uleule mwekundu, mwalimu kaandika maneno mawili:

"Leta ndoo."

Kesho asubuhi mtoto anapanda daladala na ndoo ya bati. Mama yake anauliza konda atamtoza mzigo au mwanafunzi.